Mtazame Miguuni: Kutofautisha Yangeyange wa Ziwa Victoria

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, iwe Ggaba, Kasenyi au Kigungu, ndege weupe hawakosekani. Wanawazunguka wanaoanika mukene (dagaa), wanatua kwenye kingo za mitumbwi, wanakanyaga juu ya magugu maji. Waganda humwita ndege huyu nnyange, na upo ukoo wa Buganda unaobeba jina lake. Kwa Kiswahili ni yangeyange. Tatizo ni kwamba jina moja linafunika aina nne, na weupe wao unafanana. Ukitaka kuwatenganisha, anza miguuni, kisha panda mdomoni.

Nenda asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, jua likiwa mgongoni kwako. Jioni jua la machweo hutia unjano kila kitu, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Yenye nguvu zaidi hutetemeka mno ukiwa mtumbwini. Itoe kwenye mfuko dakika kumi kabla ya kuanza, kwa sababu vioo hushika ukungu wa kinamasi. Kama mtumbwi una injini, mwombe nahodha aizime mapema, msogee kwa pondo.

Usiuseme mguu wote kwa neno moja. Ugawe mara tatu: sehemu iliyo juu ya kiungo, muundi ulio chini yake, na vidole. Kile kiungo kinachopinda kuelekea nyuma si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya.

Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miundi myeusi na vidole vya njano kabisa, kama aliyevaa soksi. Mtazame akivua kwenye maji ya kina kifupi: anautanguliza mguu mmoja na kuutikisa haraka haraka kwenye tope. Unjano unameremeta chini ya maji, samaki wadogo wanashtuka na kutoka mafichoni, na mdomo unashuka papo hapo. Ukiona mtikiso huo, umeshapata nusu ya jibu. Msimu wa kuzaliana vidole hugeuka kwa muda mfupi kuwa vya rangi ya chungwa au vyekundu, kwa hiyo usimkatae kwa sababu hiyo tu.

Yangeyange mkubwa ana miguu myeusi hadi kwenye kucha. Mdomo wake ni wa njano, ila huwa mweusi anapozaliana. Anayechanganywa naye ni yangeyange wa kati, ambaye sehemu ya juu ya mguu, juu ya kiungo, ina unjano. Bado una shaka? Fuata mstari wa pembe ya mdomo: kwa yule mkubwa unapita nyuma ya jicho, kwa huyu unaishia chini ya jicho.

Yangeyange wa ng'ombe ni mnene, shingo fupi, mdomo mfupi wa njano, na hufuata ng'ombe malishoni. Miguu yake ni ya kijivu au kijani iliyofifia, lakini akizaliana huiva kuwa myekundu. Mtego uko kwa makinda yaliyotoka kiotani karibuni: yana mdomo mweusi, na wengi huyaandika kuwa yangeyange wadogo. Hapo vidole ndivyo hakimu, kwa kuwa kinda la yangeyange wa ng'ombe halina soksi za njano.

Adui mkubwa wa kazi hii ni matope. Vidole vya njano vikizama kwenye tope jeusi, yangeyange mdogo huonekana mwenye miguu myeusi mitupu. Usikisie. Subiri aingie kwenye maji safi au aruke, maana akiruka miguu hubaki imenyooka nyuma ya mkia na rangi huonekana wazi. Ukipiga picha kwa simu, gusa ndege kwenye kioo kisha punguza mwanga, kwani weupe ukiungua kwa mwanga mwingi, unjano wa vidole nao hupotea.

Rangi ya miguu ya ndege si pambo tu. Mfano ulio wazi kabisa uko mbali nasi, kwa bubi wa miguu ya buluu, ndege wa bahari anayezaliana visiwa vya Galápagos na pwani ya magharibi ya Mexico. Dume humchezea jike akiinua mguu mmoja, kisha mwingine, ili rangi ionekane. Ubuluu wake hutokana na jinsi nyuzi za ngozi zinavyotawanya mwanga, pamoja na karotenoidi, rangi ileile ya karoti, anazozipata kwa samaki wabichi. Watafiti waliomnyima chakula kwa saa 48 waliona miguu ikififia. Aliporudishiwa samaki, rangi ilirudi. Kwa hiyo jike akitazama miguu, anasoma afya ya dume. Miguu hiyohiyo ndiyo inayoyatia mayai joto, kwa sababu bubi hana ile sehemu ya tumbo isiyo na manyoya ambayo ndege wengi hutumia kuatamia.

Ndiyo maana inafaa kuandika rangi kwa makini, pamoja na tarehe. Ukikuta miguu imeiva rangi, huenda viota viko karibu; kaa mbali, kwa sababu wazazi wakiruka, mayai na makinda hubaki wazi kwa jua na kwa kunguru. Daftarini andika hivi: mahali, saa, juu ya kiungo, muundi, vidole, mdomo, alichokuwa akifanya. Pale ambapo matope yalificha, andika “vidole havikuonekana” na uache jina la ndege wazi.