Somo: Kutumia tena seli za betri za kompyuta mpakato kuhifadhi umeme wa jua

Betri ya kompyuta mpakato inayosemwa imekufa mara nyingi haijafa yote. Ndani yake mna seli za lithiamu, aghalabu sita, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na zikichoka mbili tu betri nzima hukataa kazi.

Hatua ya kwanza ni kufungua ganda. Vaa miwani, kaa penye hewa, na upasulie kwenye maungio kwa bisibisi bapa iliyolazwa, kwa kuwa seli ikitobolewa huweza kuwaka papo hapo. Yenye kutu au iliyovuja itenge.

Hatua ya pili ni kukata vipande vya nikeli na kuvibandua kwa koleo. Hapa ndipo wengi hupiga shoti: mwili mzima wa seli ni hasi, hadi kwenye ukingo unaozunguka kitufe cha chanya, na kinachovitenga ni ngozi nyembamba ya plastiki na pete ya karatasi tu. Ngozi ikichanika, ivalishe nyingine kwanza.

Hatua ya tatu ni kupima, nayo ndiyo somo lenyewe. Seli inayosoma chini ya volti 2 usiifufue, kwa sababu shaba ya ndani huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo huganda mahali pasipotakiwa na kuleta shoti ndani kwa ndani. Nyingine zichaji hadi volti 4.2 ukizisimamia, na inayopata joto iondoe. Usiridhike na volti, maana hata seli iliyochoka hufika 4.2, ipumzishe wiki mbili uone kama imeshuka, kisha uitoe chaji hadi volti 3 kwa chaja inayohesabu uwezo. Iliyozaliwa na uwezo wa miliampia-saa 2,200 ikitoa chini ya 1,760, yaani asilimia 80, mimi siiungi.

Hatua ya nne: unga seli tatu mfululizo, zenye uwezo unaokaribiana, upate volti 11.1 za kawaida (kila seli ikihesabiwa 3.7), pamoja na fyuzi na bodi ya ulinzi inayosawazisha chaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Shikamoo mwalimu. Je, kidhibiti chaji, kile cha kati ya paneli ya jua na betri, nilichokuwa nikitumia kwa betri ya asidi kinafaa?

Jibu: Marahaba. Hakifai, kwani hupandisha hadi volti 14 na zaidi, ilhali seli hizi tatu zikijaa huishia 12.6. Tafuta cha lithiamu.

Mwanachama, Lubumbashi: Seli mbovu naweza kuzichoma nipate kobalti?

Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Chumvi ya lithiamu iliyomo ikikutana na joto na unyevu hutoa floridi ya haidrojeni, gesi inayounguza mapafu, na kobalti yenyewe haitenganiki bila kiwanda chenye asidi na mitambo ya kusafisha hewa. Funika ncha kwa utepe, zihifadhi katika mchanga mkavu, umkabidhi mkusanyaji mwenye kibali.

Mwanachama, Mombasa: Na betri za gari, tukiyeyusha risasi uani?

Jibu: Wewe uko jirani na mtaa wa Owino Uhuru, ambako moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliwatia wakazi sumu ya risasi, hata mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Betri ya gari irudishe ikiwa nzima, na asidi yake ndani, kwa muuzaji anayepokea za zamani.