Kabla ya Msumeno: Jinsi ya Kupima Kipande cha Msitu wa Kiasili

Nilipoanza utafiti pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, nilikaa wiki tatu nikipima miti mikubwa peke yake. Daftari lilikuwa limejaa tayari wakati mzee mmoja wa Shinyalu, aliyekuwa akinishikia kamba, aliposimama chini ya mwiritsa mnene (mti ambao wataalamu huuita Prunus africana) akaniuliza, "Sasa mwanangu, watoto wa huyu wako wapi?" Tulitafuta hadi jua la mchana. Hatukupata mche hata mmoja. Kwa hesabu zangu mwiritsa ulikuwa mti wa kawaida pale. Kwa swali la mzee, ulikuwa mti ulioanza kuondoka.

Tangu siku hiyo nafundisha kupima kwa kuanzia chini. Mwongozo huu ni wa wanachama wa vyama vya jamii vya misitu, wanafunzi wa vyuo, na familia zenye vichaka vya kiasili kando ya mito wanaofikiria kuuza mbao.

Sheria kwanza. Miti ya kiasili ndani ya msitu wa serikali haivunwi. Hata kuingia kufanya utafiti kunahitaji kibali, kwa hiyo onana na ofisi ya msitu mapema. Kwenye shamba lako mwenyewe pia, uliza afisa wa misitu kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha.

Hatua ya 1: Vifaa

Futi ya mita 30, futi laini ya fundi cherehani, kamba ya manila, vigingi, dira, simu yenye ramani, panga, na penseli. Nasisitiza penseli, maana Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, na wino wa kalamu huweza kuyeyuka ukurasani. Umuhimu mkubwa kuliko vyote ni mtu anayeijua miti kwa majina ya nyumbani: musine, lusiola, mukomari, mutere. Mlipe kama mtaalamu, kwa sababu ndivyo alivyo. Jina la kisayansi utalitafuta jioni ukiwa na jani na tunda mkononi.

Hatua ya 2: Chagua ploti ukiwa nyumbani

Weka alama ya kila ploti, yaani kipande utakachopima, kwenye ramani kabla ya kutoka. Ukisubiri kuchagua ukiwa msituni, miguu itakupeleka penye njia nzuri na kivuli kizuri, na takwimu zako zitakuwa za mahali pazuri tu. Kama kichaka ni kikubwa kiasi, ingia mita 50 ndani kutoka ukingoni, kwa sababu ukingoni upepo na jua hubadilisha kila kitu. Ploti 10 zinatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 3: Piga kamba

Kila ploti iwe mita 20 kwa 20. Ukimaliza pande nne, pima kutoka kona hadi kona ya mshazari: ipate mita 28.28. Isipofika au ikizidi, mraba wako umepinda, rudia. Kwenye mteremko shika futi ikiwa imelala sawa hewani, usiilaze juu ya ardhi. Kona moja ipigiliwe kigingi cha kudumu na uandike mahali pake kwa simu, kwa maana mtarudi hapa.

Hatua ya 4: Miche kabla ya miti

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea. Mkianza na miti mikubwa, watu watano watakuwa wamekanyaga kila mche kabla hamjauona. Basi mraba mdogo wa mita 2 kwa 2 upimwe katika kila kona, na mmoja katikati. Piga magoti. Hesabu kila mche wa mti ulio chini ya mita 1.3, aina kwa aina. Magugu na miti-kamba, ile inayopanda kwa kujizungusha kwenye miti mingine, andika kando.

Usitafute chini ya mti mama peke yake. Mbegu nyingi za msitu huu husafirishwa na hondohondo, shorobo na kima, na mche huweza kuota mbali kabisa na mama yake. Ndiyo maana tunatawanya miraba.

Ukikuta mipera mingi, simama uandike. Mpera si mti wa hapa, lakini hushika haraka mahali palipokatwa ovyo au palipolimwa na kuachwa.

Hatua ya 5: Sasa miti

Pima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 kwenda juu, ukizungusha futi laini kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini. Gawanya mzingo kwa 3.14: mzingo wa sentimita 157 ni kipenyo cha sentimita 50. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, hesabu mashina mawili. Mti wenye mizizi-mbawa, yaani mizizi iliyoinuka kama mbawa kando ya shina, upime juu ya mbawa hizo, uandike ulipima kimo gani.

Miti midogo iliyopita kimo cha mita 1.3 lakini haijafika kipenyo hicho, ihesabu tu bila kupima. Hesabu na visiki pia. Kisiki hukuambia kilichokuwepo, na mzee atakuambia kiliondoka lini.

Miti yenye mashimo nayo ipewe alama yake. Fundi wa msumeno atakwambia haina mbao, ikatwe iwe kuni. Mkatalie. Hondohondo jike huingia katika shimo la namna hiyo, mlango ukazibwa kwa udongo hadi ubaki mwanya mwembamba, na dume humlisha kupitia hapo. Bila shimo hakuna kinda, na asipokuwepo hondohondo, mutere hupoteza mmoja wa wapanzi wake.

Hatua ya 6: Dakika kumi za ndege

Alfajiri ya kesho yake simama katikati ya ploti, kimya, dakika 10, uandike kila ndege unayemwona au kumsikia, upate kujua wapanzi wa mbegu waliopo. Rudia asubuhi tatu.

Hatua ya 7: Hesabu

Ploti 10 ni mita za mraba 4,000, hivyo zidisha idadi ya miti kwa 2.5 kupata miti kwa hekta. Miraba midogo yote 50 ni mita za mraba 200, kwa hiyo kila mche uliouona unawakilisha 50 kwa hekta.

Kisha chora jedwali la kila aina: miche, miti midogo, sentimita 10 hadi 20, 20 hadi 30, na kuendelea. Aina yenye afya huwa na wengi chini na wachache juu, kama familia yenye wajukuu wengi kuliko mababu. Ukiona mababu watupu, aina hiyo usiiguse, hata mnunuzi aongeze bei mara mbili. Mwiritsa uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya biashara ya gome lake, na mti uliochunwa gome kuzunguka shina hufa umesimama.

Kwa aina zilizo salama bado nisingekata mti ulio bora kuliko yote. Huo ndio wenye mbegu bora. Upake rangi nyeupe, na fundi aonyeshwe mbele ya wote kwamba rangi nyeupe haiguswi. Mkate miti-kamba iliyofunga mti wa kuangushwa miezi kadhaa kabla, la sivyo mti mmoja utaanguka na jirani zake watatu. Mwelekeo wa kuanguka uamuliwe kwa kuangalia daftari lenu, mliihesabu wapi miche mingi.

Nakala moja ya daftari ibaki kwa katibu wa chama. Mwaka mmoja baada ya ukataji, mwezi ule ule, rudini kwenye kigingi, pigeni kamba upya, na mpige magoti tena kabla mtu yeyote hajaingia ndani ya mraba.