Kuhamisha Viungo vya Mafaili ya Excel kwa Makro: Mfano wa Hesabu za Korosho

Katika msimu wa korosho, faili langu la jumla hapa Mtwara huvuta kilo kutoka kwenye mafaili ya vyama vya msingi vya Tandahimba na Newala. Viungo vyake, yaani fomula zinazosoma mafaili hayo, vilitengenezwa flashi ikiwa imechomekwa, hivyo vinaelekea E:\Korosho. Flashi ikichomolewa, Excel hubaki na tarakimu za mara ya mwisho, ambazo kwa macho hazina tofauti na zilizo sahihi. Malipo ya mkulima hutegemea kilo hizo, kwa hiyo viungo vihamishwe mapema vielekee folda ya D:\Msimu\Korosho, mafaili ya vyama yakishanakiliwa humo.

Hatua ya kwanza. Tengeneza nakala ya faili la jumla na uihifadhi kwa aina ya .xlsm, kwa sababu .xlsx haihifadhi makro (maagizo ambayo Excel huyatekeleza yenyewe).

Hatua ya pili. Bonyeza Alt+F11, fungua menyu ya Insert, chagua Module, kisha andika:

Sub HamishaViungo()
Dim viungo, k, njia
viungo = ThisWorkbook.LinkSources(1)
If IsEmpty(viungo) Then Exit Sub
For Each k In viungo
  Debug.Print k
  njia = Replace(k, "E:\Korosho", "D:\Msimu\Korosho")
  If njia <> k Then
    If Dir(njia) <> "" Then ThisWorkbook.ChangeLink k, njia, 1
  End If
Next k
End Sub

LinkSources hurudisha orodha ya mafaili yote yanayosomwa, na namba 1 humaanisha viungo vya Excel pekee. Pasipo kiungo chochote hurudisha thamani tupu, ndiyo maana IsEmpty imetangulia. Mstari wa Dir ndio ninaousisitiza zaidi: huhakikisha faili lipo mahali papya kabla kiungo hakijaguswa. Replace hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo njia iandikwe kama ilivyo kwenye orodha.

Hatua ya tatu. Weka kishale ndani ya makro, bonyeza F5, kisha Ctrl+G uone orodha ya njia za awali. Endesha tena: njia inayoanza na E ikiwa bado imo kwenye orodha mpya inayoandikwa chini ya ile ya kwanza, faili lake halijanakiliwa au limebadilishwa jina. Excel ikikuuliza uchague karatasi, jina la karatasi kwenye faili la chama limebadilika. Usichague kwa kubahatisha, mpigie karani wa chama hicho.

Hatua ya nne ni ya mwisho wa msimu. BreakLink hugeuza fomula kuwa tarakimu za kawaida zisizofuata tena chanzo, na hakuna kurudi nyuma:

ThisWorkbook.BreakLink k, 1

Mstari huu uwekwe ndani ya mzunguko kama ule wa juu (kati ya For Each na Next), katika makro yake yenyewe, na uendeshwe kwenye nakala ya kumbukumbu tu. Mwaka mmoja niliuendesha kwenye faili la kazi wakati mizigo ya mwisho ilikuwa bado inapimwa ghalani. Kilo zilizoongezeka hazikuingia kwenye jumla, nami nikatumia siku mbili kuandika upya fomula, seli baada ya seli, huku wakulima wakisubiri.