Jinsi ya kuandika kazi ya omena kwa njia ya Margaret Mead

Ukitaka kuhifadhi ujuzi wa akina mama wanaoanika omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, huko Dunga, Kisumu, ifuate njia ya mwanaanthropolojia Margaret Mead kule Bali, kisiwa cha Indonesia, alikoanza kazi mwaka 1936. Yeye aliandika, mumewe Gregory Bateson akapiga picha, na maandishi yakabeba saa ya kila tukio. Bila saa zile, picha zao 25,000 hivi zingekuwa rundo tu.

Nendeni wawili. Ombeni ruhusa kwanza, kisha linganisheni saa ya mwandishi na ya simu ya picha, hadi dakika. Pembeni mwa kila ukurasa chora mstari, uache upana wa vidole viwili kwa ajili ya saa peke yake. Kitendo kikibadilika, andika saa mpya: "7:20 mama amwaga karai moja kwenye wavu. 7:24 msichana atandaza kwa viganja." Tumieni hesabu ya simu daima. Mmoja akiandika saa moja na dakika ishirini kama tunavyosema, picha na maandishi vitapishana kwa saa sita.

Kosa kubwa zaidi ni kuandika maana mahali pa kitendo. "Amekasirika" ni maoni yako. "Amegeuka, hakujibu bei" ndilo uliloliona. Maoni yaende ukurasa wa kushoto. Jambo hili si dogo hata kidogo. Mead alichapisha kitabu chake kuhusu wasichana wa Samoa mwaka 1928. Mwaka 1983, yeye akiwa amefariki miaka mitano, mwanaanthropolojia mwenzake Derek Freeman akadai Mead alipotoshwa. Watafiti waliotaka kujua ukweli walirudi kwenye makaratasi yake, yaliyotunzwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ubishi ule ulipata pa kupimiwa kwa sababu aliandika na akatunza.

Maswali yangoje omena imalize kutandazwa. Mawingu yakijikusanya, weka daftari chini usaidie kuanua, maana omena ikilowa huoza. Maneno ya Kijaluo yaache yalivyotamkwa, tafsiri iwe kando. Rudini siku ya jua, ya mvua, na siku za mbalamwezi pia: omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua na kazi hubadilika.

Nakili safi usiku uleule, kabla hujalala. Kisha wasomee akina mama wenyewe. Wakisahihisha, andika kwa wino mwekundu, na ule mstari wa kwanza usiufute.