Ua likinyauka, ondoa na kifuko chake cha mbegu

Petunia ikichanua vizuri wiki chache kisha ikapunguza maua ghafla, ilhali majani ni mabichi na udongo una unyevu, wengi hukimbilia mbolea. Subiri kwanza. Shika kikonyo kimoja ambacho petali zake zimeshadondoka, utazame kwenye kitako cha ua. Mara nyingi utakuta kifuko cha kijani kimetuna. Kipasue kwa ukucha: ndani mna mbegu changa zimesongamana. Chakula cha mmea kinaishia humo.

Ua likishachavushwa, mbegu zinazokua huvuta sukari inayotengenezwa na majani, na hutoa homoni zinazouzuia mmea kuweka matumba mengine. Mimea inayoishi msimu mmoja ndiyo huathirika zaidi, kwa sababu ikishapata mbegu kazi yake imekwisha. Ukiiondolea mbegu kabla hazijakomaa, inaanza upya kutafuta uzao, na wewe unapata maua.

Ndiyo maana kupukuta petali zilizokauka hakusaidii kitu. Bustani inapendeza kwa siku mbili, lakini kifuko umekiacha palepale.

Waridi linahitaji uangalifu kuliko mengine. Usikate shingoni mwa ua, maana utaacha kijiti kitupu kitakachokauka kuelekea chini na kuukaribisha ugonjwa. Fuata tawi kuelekea chini. Majani ya mwanzo huwa na vijani vitatu. Endelea hadi ufikie jani lenye vijani vitano, lililoelekea nje ya kichaka. Kwapani mwake pana jicho dogo, wakati mwingine jekundu. Kata kama milimita 5 juu ya jicho hilo, kwa mshazari. Chipukizi litatokea hapo na kukua kuelekea nje, kichaka kibaki wazi na kipitishe hewa. Ua lingine hulichukua tawi hilo wiki tano hadi saba hivi, kutegemea joto na aina. Mwaridi uliopandwa karibuni uonee huruma: kata juu zaidi, kwa kuwa bado unayahitaji majani yake yote.

Dalia huwahadaa hata wazoefu. Nami nimewahi kukata matumba mazima nikidhani ni maua yaliyokwisha. Tumba ni la mviringo na gumu likibonyezwa. Ua lililokwisha limechongoka mbele, na ukilibinya ni laini, pengine likatoa maji. Likate hadi kwenye jozi ya majani inayofuata. Zinia na kosmosi nazo zikate juu ya panda la matawi. Jerania haihitaji mkasi: vuta kikonyo kizima kuelekea chini kinapoungana na shina, kitakatika chenyewe.

Pita bustanini mara moja au mbili kwa wiki, na wakati wa mvua mara nyingi zaidi. Petali zilizolowa na kugandamana juu ya majani ni makao ya ukungu wa kijivu, ambao ukishatulia hapo huhamia kwenye matumba. Maua yenye ukungu usiyatie kwenye mboji. Mkasi uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla ya kuhama kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima.

Kuna mimea ya kuachwa. Bigonia nyingi za vitaluni hudondosha maua zenyewe. Alizeti ya shina moja haitachanua tena hata ukiikata, kwa hiyo waachie ndege mbegu zake. Yungiyungi la kiazi likate kichwa cha mbegu tu. Shina na majani yabaki hadi yawe manjano, kwani ndiyo yanayokijaza kiazi kwa msimu ujao. Haidranjia zenye majani mapana hubeba matumba ya mwaka unaofuata kwenye matawi ya zamani, basi ukiteremka mno na mkasi umejinyima maua ya mwaka mzima.

Na ukitaka mbegu zako mwenyewe, acha kukata mwishoni mwa msimu. Chagua mimea miwili mitatu iliyokupendeza, vichwa vikauke hadi viwe kahawia na kuchakarika mkononi, ndipo uvichume siku isiyo na umande. Kama ulipanda mbegu chotara, usishangae watoto wakitoka na rangi tofauti na mama yao.