Kuhama na Paka au Mbwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla Kirikuu Haijafika

Paka akipotea wakati wa kuhama, mara nyingi hapotei njiani. Hupotea kule mnakotoka, vibarua wakiingia na kutoka na makochi huku mlango uko wazi, au hupotea mnakofikia, siku ya pili au ya tatu, mwenyewe anaposema "ameshazoea huyu" na kumfungulia. Mbwa ana shida nyingine. Yeye hushika watu, kwa hiyo akiwaona wapo hutulia mapema, ila geti geni na kelele ngeni zinaweza kumtoa mbio. Paka hushika mahali: hupaka harufu ya mashavu yake kwenye kona za kuta, miguu ya meza na mikono ya watu, na harufu hiyo ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Nyumba mpya haina hata chembe yake. Ndiyo maana kazi kubwa iko wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe.

Anza na nyumba mnayokwenda. Muulize mwenye nyumba wazi kama anaruhusu wanyama, na kama ni mbwa, pita kwa majirani pia. Wapo ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na katika nyumba ya kupanga yenye korido au ua wa pamoja ni bora mkubaliane mapema mbwa atakaa wapi na atapita njia ipi. Kisha ikague nyumba kwa kuinama. Angalia chini ya sinki, nyuma ya jiko, kwenye stoo na darini: mpangaji aliyehama anaweza kuwa ameacha sumu ya panya au unga wa mende. Tundu la dari lililo wazi lizibwe, maana paka mwenye hofu hupanda juu, na akishaingia darini anaweza kukaa huko siku nzima bila kuitika. Pima nafasi iliyo chini ya geti. Mbwa mdogo akipitisha kichwa, hesabu ametoka.

Nyumba iliyokaa tupu ina jambo moja linalowashangaza wengi. Viroboto wachanga hujifunika ndani ya vifuko vidogo kwenye nyufa za sakafu na husubiri, hata miezi kadhaa. Mtikisiko wa miguu na joto la mwili huwaamsha wote kwa pamoja, ndiyo maana nyumba iliyoonekana safi mlipoikagua inawatafuna wiki ya kwanza tu. Kupe wa mbwa nao hujificha kwenye nyufa za ukuta na banda la zamani, na huambukiza ugonjwa unaoleta homa, kukosa hamu ya kula na wakati mwingine damu puani. Kwa hiyo fagia, piga deki, puliza dawa kwenye nyufa na uache ikauke kabisa kabla mnyama hajaingia. Soma kibandiko: dawa yenye pamethrini (permethrin), ambayo mbwa huistahimili, humuua paka, na dawa ya kupe ya mbwa isipakwe kwa paka hata tone. Vilevile dawa ya kusafishia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini ni mbaya kwa paka, kwa sababu hulamba miguu yake na ini lake haliwezi kuivunja sumu ya aina hiyo. Sabuni ya kawaida inatosha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ichungulie kwenye kadi. Kama mnyama hajawahi kuchanjwa, achanjwe wiki 3 hadi 4 kabla ya kuhama ili kinga iwe imekaa, maana mtaa mpya una mbwa wake na ugomvi wa siku za mwanzo ni wa kawaida. Mvishe mkanda wa shingoni wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika, na uwe na picha yake ya karibuni kwenye simu. Mkihamia mkoa mwingine au kuvuka bahari, muulize afisa mifugo mapema kuhusu kibali. Kukitafuta bandarini asubuhi ya safari ni kujitia taabu.

Kifaa cha lazima kwa paka ni kizimba cha kubebea, kile cha plastiki chenye mlango wa waya, kikubwa kiasi cha yeye kusimama na kugeuka. Boksi la karatasi gumu hulowa mkojo na kupasuka chini njiani. Gunia ni baya zaidi. Wapo wanaomtia paka guniani ili asiione njia ya kurudi, lakini humo anakosa hewa, anapata joto, na anachojifunza ni kuogopa mikono iliyomtia. Kizimba kiweke sebuleni wiki mbili kabla, mlango wazi, ndani kuna khanga ya zamani, na chakula apewe humo. Akishakula bila wasiwasi, funga mlango dakika 1, siku nyingine 5, kisha mnyanyue na kumzungusha ndani ya nyumba. Khanga hiyo usiifue.

Siku ya kuhama mfungie chumba kimoja kabla kibarua wa kwanza hajafika. Bafu linafaa kwa sababu halina kitu cha kubebwa. Weka maji, beseni la mchanga na kizimba, kisha bandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: PAKA YUMO, USIFUNGUE. Funguo kaa nazo wewe. Bila hivyo atajificha ndani ya droo au chini ya godoro, na atapakiwa nalo.

Chakula cha mwisho kiwe saa 3 hadi 4 kabla ya safari ili asitapike. Mtoto wa paka au wa mbwa asikae na njaa muda mrefu hivyo. Ondokeni alfajiri. Gari lililoegeshwa juani hupanda joto ndani ya dakika chache hata vioo vikiwa vimeachwa nafasi, na paka anayehema mdomo wazi yuko hatarini: mpeleke kivulini, mloweshe miguu na masikio kwa maji ya kawaida, mwite daktari wa mifugo. Kizimba kifunikwe kwa khanga nyepesi upande wa mbele tu, kisha kikae sakafuni nyuma ya kiti ili kisiserereke. Kwa wanaohamia Kigamboni, Dar es Salaam, daraja ni tulivu kuliko pantoni, ambako honi na umati humtia mnyama kiwewe. Mbwa asifungwe kwa kamba ya shingo juu ya kirikuu ya wazi pamoja na vitanda. Akiruka, kamba itamnyonga.

Dawa za nyumbani za usingizi au za maumivu zisiguswe. Parasetamoli humuua paka, na nusu kidonge tayari ni nyingi. Mnyama mwenye hofu kupita kiasi aonwe na daktari siku kadhaa kabla, apewe dawa ya kutuliza woga ijaribiwe kwanza mkiwa nyumbani.

Mkifika, paka apewe chumba kimoja tu. Beseni la mchanga liwe kona moja, chakula na maji kona nyingine, na ndani ya mchanga mpya tia konzi mbili za ule wa zamani. Chukua kitambaa safi, kisugue taratibu kwenye mashavu yake, kisha kipitishe kwenye kona za kuta na fremu za milango, usawa wa pua yake. Akikaa chini ya kitanda, mwache. Atatoka usiku.

Mbwa naye atembezwe kwa kamba kuuzunguka uzio wote, hata kama uzio ni imara, na saa za kula zibaki zilezile. Msimwache peke yake siku ya kwanza. Anzeni na dakika 5, kisha 15, kisha nusu saa. Mtambulisheni kwa mlinzi wa geti mapema, na msitarajie alinde wiki hiyo, kwani bado hajui nani mgeni na nani mwenyeji.

Paka asiyekula kabisa saa 24 apelekwe kwa daktari, kwa sababu njaa huweza kuliharibu ini lake. Dume anayeingia kwenye mchanga mara kwa mara na kukamua bila mkojo kutoka apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kumfungulia nje kusubiri wiki 3, na mara ya kwanza iwe kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa, kwa dakika 10, huku mtu akigonga sahani yake. Waachieni namba waliohamia kule mlikotoka: akirudi huko wasimpe chakula, wapige simu.