Jinsi ya kutunga kipimo cha tabia: mfano wa kuahirisha mambo

Wanaonijia na madodoso yao huwa wameshakusanya data. Wanataka niwasaidie hesabu tu. Nikilifungua dodoso nakuta kauli ya tatu inauliza mambo mawili, ya saba hakuna binadamu anayeweza kuikataa, na hapo hesabu haina cha kuokoa. Ndiyo maana mwongozo huu una upendeleo: maneno nimeyapa nafasi kubwa, hesabu nimezipa inayozitosha. Tutatunga kipimo kifupi cha tabia ya kuahirisha mambo. Kila mtu anaijua, na kuikiri hakumtii mtu aibu sana.

Hatua ya 1: Amua alama itafanya kazi gani

Andika sentensi moja: alama hii itamsaidia nani kuamua nini. Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905, kilikusudiwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee katika masomo. Binet mwenyewe hakukubali kwamba akili ya mtoto imefungwa pale ilipo. Kipimo kilipofika Marekani, wengine walikitumia kana kwamba kinasoma akili ya kurithi isiyobadilika. Kipimo kilichotungwa kwa kazi moja kikabebeshwa nyingine.

Sentensi yetu ni hii: alama itamsaidia mshauri wa wanafunzi kujua nani aalikwe kwenye mafunzo ya kupanga muda. Haitaji ugonjwa wala haimfukuzi mtu. Ukitaka ifanye zaidi ya hapo, tunga kipimo kingine.

Hatua ya 2: Chora mipaka ya sifa

Kuahirisha si uvivu. Anayesubiri majibu ya mwenzake ndipo aendelee naye haahirishi, amekwama tu. Sisi tutasema hivi: kuahirisha ni kuchelewesha kwa hiari jambo ulilokusudia kulifanya, huku ukijua kuchelewa huko kutakugharimu. Humo mna vipande vitatu: hiari, kusudio na kujua gharama. Kauli isiyogusa hata kimoja haina nafasi katika kipimo hiki, hata iwe imependeza vipi.

Hatua ya 3: Andika kauli, nyingi kuliko unazohitaji

Nikitaka kauli 8, naandika 24. Nyingi zitakufa, na ni heri zife mapema.

"Huwa nachelewa kuanza kazi na kujilaumu baadaye." Hii ni kauli mbili. Yuko anayechelewa bila kujilaumu, atajibu nini? Ikate.

"Wakati mwingine naahirisha mambo." Nani atakataa? Kauli inayokubaliwa na wote haimtofautishi yeyote na mwenzake.

"Si kawaida yangu kutomaliza kazi kwa wakati." Mhojiwa akichagua "Sikubaliani", kanusho zinakuwa tatu, na amechoka kuzifumbua. Andika tu: "Huwa namaliza kazi kwa wakati."

Kisha kuna mtego wa kwetu wenyewe, ambao vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviwezi kukuonya. Kauli za tabia huvutia kiambishi hu-, nacho hakitaji nafsi. Mbaya zaidi, kwa vitenzi visivyoishia kwa -a, hu- ya mazoea na hu- ya kumkanushia unayesema naye huandikwa sawasawa. "Husahau miadi": ni mtu mwenye mazoea ya kusahau, au ni wewe usiyesahau? Hujibu, hufikiri, hujaribu, hurudi, zote ziko hivyo. Katika mazungumzo, muktadha unaokoa. Kwenye dodoso mhojiwa yuko peke yake na kalamu. Ukikimbilia "ninaahirisha", utaulizwa kama nilivyoulizwa mimi: "Sasa hivi?" Nimetulia kwenye "huwa na-": "Huwa nasahau miadi." Nafsi ipo na mazoea yapo.

Hatua ya 4: Panga ngazi ya majibu

Tumia mtindo ambao mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert aliueleza mwaka 1932: Sikubaliani kabisa (1), Sikubaliani (2), Katikati (3), Nakubaliana (4), Nakubaliana kabisa (5). Wapo watu wanaokubali kila wanachosomewa, hivyo weka kauli mbili zinazoelekea upande wa pili, kama ile ya kumaliza kwa wakati. Kabla ya kujumlisha, zigeuze: toa jibu kutoka 6, ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Niliwahi kupata alfa hasi (alfa ni namba inayoonyesha kama kauli zinakwenda pamoja, tutaikokotoa Hatua ya 6) nikadhani programu imeharibika. Sikuwa nimegeuza nusu ya kauli. Tangu siku hiyo kauli za kugeuzwa siweki zaidi ya mbili.

Hatua ya 5: Keti na watu watano

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Keti na mmoja mmoja, kutoka kundi litakalopimwa. Mwombe asome kauli kwa sauti na aseme anachowaza kabla ya kuchagua jibu. Usimsaidie.

Nilikuwa na kauli hii: "Huwa naacha kazi hadi dakika za mwisho." Mwanafunzi mmoja aliisoma, akatabasamu, akachagua "Nakubaliana kabisa". Nikamuuliza kwa nini. "Siachi kazi mpaka muda uishe, naikazania mpaka mwisho." Alikuwa anajisifia bidii! Kwake "naacha hadi" ilimaanisha saa ya kuweka kalamu chini. Ningekusanya majibu 300 bila kuketi naye, wachapakazi wangepata alama za waahirishaji, na hakuna hesabu ambayo ingenieleza sababu. Kauli ikawa: "Huwa naanza kazi siku za mwisho, hata kama nilikuwa na muda wa kuianza mapema." Ndefu, lakini haikwepeki.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha pima uthabiti

Uthabiti ni kipimo kutoa majibu yasiyoyumba. Sasa wape watu wengi. 200 na kuendelea ni idadi ya kufanyia kazi. Kwa kila kauli, tazama uhusiano wake na jumla ya kauli zilizobaki, yaani namba inayoonyesha kama zinapanda na kushuka pamoja (0 hazihusiani, 1 zinakwenda sawasawa). Ukiwa chini ya 0.3, irudie kauli hiyo kwa jicho la mashaka.

Halafu alfa, iliyopewa jina la mwanasaikolojia wa Marekani Lee Cronbach kutokana na makala yake ya 1951. Programu itakupa, lakini ifanye kwa mkono mara moja uone inatoka wapi. Chukua mfano mdogo wa kauli 4 zenye varianzi (kiasi majibu yanavyotawanyika) 1.0, 1.2, 0.9 na 1.1. Jumla yake ni 4.2. Varianzi ya alama za jumla za wahojiwa ni 10.5. Gawa 4.2 kwa 10.5 upate 0.4, toa kutoka 1, inabaki 0.6. Zidisha kwa idadi ya kauli iliyogawanywa kwa idadi hiyo ukitoa moja, yaani 4/3. Alfa ni 0.80, na kwa kazi yetu inatosha.

Usiishangilie alfa ya 0.96. Weka "Huwa naahirisha kazi", "Kazi huwa naziahirisha" na "Mimi ni mtu wa kuahirisha kazi", alfa itapaa, na utakuwa umeuliza swali moja mara tatu.

Baada ya wiki mbili, wape watu walewale tena. Sifa inayodumu haitakiwi kugeuka kwa muda huo.

Hatua ya 7: Tafuta ushahidi nje ya dodoso

Mizani mbovu inayoongeza kilo mbili zilezile kila unapopima ina uthabiti mzuri sana, lakini haisemi kweli. Kwa uhalali, yaani kujua kama kipimo kinapima kile kinachodai kupima, linganisha alama na tarehe ambazo wahojiwa waliwasilisha kazi zao, kwa ridhaa yao. Wenye alama kubwa wachelewe zaidi. Linganisha pia na sifa jirani, kama wasiwasi: uhusiano unaweza kuwepo, lakini ukiwa mkubwa mno, huenda umepima wasiwasi ukaupa jina jingine.

Hatua ya 8: Toa alama pamoja na kosa lake

Kosa sanifu la kipimo, yaani kadiri alama ya mtu inavyoweza kupotoka, ni mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha varianzi ya alama za jumla) mara kipeuo cha pili cha (1 - uthabiti). Katika mfano wetu wa kauli 4 mkengeuko ni 3.24, uthabiti 0.80, kosa linatoka 1.45. Zidisha kwa 1.96, namba ya kiwango cha asilimia 95, upate takriban 2.8. Kwenye ripoti mimi huandika hivi: "Alama 13 kati ya 20, kwa kiwango cha asilimia 95, kati ya 10 na 16."

Mwenye 12 na mwenye 14 siwapangi nani mbele, nani nyuma. Nafasi ya mafunzo ikibaki moja na mshauri akaniuliza amchukue yupi, namwambia awaite wote wawili wazungumze.